Maji au mafuta? Kuchagua kipozeo cha msumeno na mashine ya kusagia mawe nyumbani

Kila anayenunua msumeno wake wa kwanza wa mawe huniuliza niweke nini kwenye tangi. Nami humrudishia swali: unakata jiwe gani, na kwa mashine ya aina gani? Ukishajibu hayo, uchaguzi unabaki mdogo sana. Wengi huanzia kwenye chupa dukani, ndipo wanaishia na diski iliyokufa mapema au jiwe zuri lililobadilika rangi.

Kwanza tuelewane kimiminika hicho kinafanya nini. Diski ya almasi haina meno kama ya msumeno wa mbao. Ukingoni mwake kuna chembe za almasi zilizoshikwa na chuma, nazo hulikwangua jiwe kidogo kidogo. Msuguano huo unazaa joto kali mahali padogo sana. Almasi ni kaboni, na hewani ikifikia takriban nyuzi 700 za Selsiasi huanza kuungua. Hata kabla ya hapo chuma kinachoishika huwa kimeshalegea na chembe zinang'oka. Kwa hiyo kipozeo kinapunguza joto na msuguano, kinazoa tope kwenye mfereji wa mkato, na kinashika vumbi lisipae.

Hilo la vumbi usilichukulie kirahisi. Mawe ya akiki, jaspa na kwarzi ni silika karibu tupu, madini yale yale ya mchanga. Vumbi lake jembamba likizama mapafuni halitoki, na silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, haina tiba. Kama huna cha kulowanishia, usikate siku hiyo.

Hatua ya 1: Lijue jiwe lako

Dondosha tone la maji kwenye upande ambao haujang'arishwa, kisha tazama kwa dakika moja au mbili. Tone likikaa juu kama shanga, jiwe limefunga na unaweza kutumia maji au mafuta. Likinywewa, jiwe lina vitundu vidogo vinavyofyonza: kata kwa maji tu.

Feruzi ndiyo iliyonifundisha somo hili. Nilikuwa na kipande cha buluu ya anga, nikakipitisha kwenye msumeno wa mafuta kwa sababu ndio uliokuwa tayari. Nilipokitoa, ukingo ulikuwa umeingia kijani iliyofifia, kama kitambaa kilichomwagikiwa na mafuta ya taa. Nilikiosha kwa sabuni, nikakizika kwenye udongo mkavu unaofyonza mafuta, nikasubiri siku kadhaa. Buluu ile haikurudi. Opali na krisokola nazo ziweke kwenye kundi hilo hilo la kuogopa mafuta.

Yako mawe yasiyopenda maji, ingawa ni machache. Chumvi ya mawe inayeyuka, basi huikati kwa maji. Jasi nayo huyeyuka kidogo na uso wake unachakaa. Malakaiti ni ya shaba: maji yanaifaa, lakini tope lake ni sumu, usilichezee kwa mikono mitupu yenye michubuko.

Hatua ya 2: Itazame mashine

Msumeno mdogo wa mezani, ule wa kusukuma jiwe kwa mkono, ni wa maji. Hauna kifuniko cha kuzuia ukungu, na ukiujaza mafuta utayavuta puani na kuyavaa kifuani. Msumeno mkubwa wa kukata vibao, wenye kifuniko kamili na unaolisukuma jiwe wenyewe polepole, ndio unaostahili mafuta. Mkato wa jiwe kubwa gumu unaweza kuchukua muda mrefu, na hapo ulaini wa mafuta unaitunza diski. Tena chuma hakishiki kutu.

Mashine ya kusagia na kung'arishia ni maji. Sioni haja ya mjadala.

Ila kama mawe yako ya kusagia ni yale ya kabaidi ya silikoni, sio ya almasi, kuna mtego. Yanafyonza maji. Ukizima mashine na kuliacha jiwe limezama nusu usiku kucha, upande wa chini unakuwa mzito. Asubuhi ukiwasha, mashine inatetemeka mpaka meza, na jiwe linaweza kupasuka vipande. Funga maji kwanza, liache lizunguke dakika chache likaukie, ndipo uzime.

Hatua ya 3: Ukichagua maji

Maji ya bomba yanatosha. Kwa uzito uleule, maji yanabeba joto karibu mara mbili ya mafuta, kwa hiyo kwenye kupoza hayana mpinzani. Udhaifu wake ni ulaini mdogo na kutu.

Kuna watu wanaotia tone la sabuni ya vyombo ili maji yashike diski vizuri. Inasaidia, lakini likizidi tone moja utakata ndani ya povu na mstari wako hutauona. Mimi nimeiacha.

Kama kutu inakusumbua, tafuta mafuta ya kuchanganyika na maji, yale yanayogeuka meupe kama maziwa. Kipimo kimeandikwa kwenye chupa. Kwa kawaida ni sehemu 1 ya mafuta kwa 20 hadi 40 za maji. Tanguliza maji kwenye ndoo, kisha mimina mafuta taratibu huku ukikoroga. Ukigeuza mpangilio, yanaganda mabonge na hayachanganyiki tena. Soma pia kama yanafaa kwa alumini, maana tangi nyingi ndogo ni za alumini na baadhi ya viongezeo vinaila.

Mchanganyiko huu huoza. Ukisikia harufu ya mayai viza, bakteria wameshahamia. Mwaga na usugue tangi, usijaribu kuifunika harufu kwa marashi. Maji matupu yabadilishe kila siku ya kazi.

Na umeme: chomeka mashine kwenye soketi yenye swichi inayojikata umeme ukivuja. Acha waya uning'inie chini ya soketi kisha upande, ili maji yanayoufuata yadondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi.

Hatua ya 4: Ukichagua mafuta

Unachotaka ni mafuta ya madini yaliyosafishwa sana: mepesi, angavu, yasiyo na harufu. Omba karatasi ya usalama ya bidhaa na utafute joto ambalo mvuke wake hushika moto. Mimi sigusi kitu kilicho chini ya nyuzi 150 za Selsiasi. Mazito nayo hayafai: hayashuki kwenye mkato mwembamba na hayaachi tope litulie.

Utasikia mapishi ya wazee wa kazi, na baadhi yao walikata mawe ya kupendeza kwa mapishi hayo hayo. Usiyafuate. Mafuta ya taa na dizeli hushika moto kwa urahisi, na ukungu wake ndani ya chumba ni hatari maradufu. Oili chafu ya gari ina vitu vinavyosababisha saratani ya ngozi. Mafuta ya transfoma kuukuu yanaweza kuwa na sumu za PCB. Maji ya rejeta yenye ethilini glikoli ni matamu, paka au mbwa ataramba na kufa. Mafuta ya kula yanaonekana salama, na mwezi wa kwanza yanakata vizuri tu, halafu yanachacha na kugeuka gundi kwenye kila kona ya mashine. Niliwahi kumsaidia jirani kukwangua gundi hiyo kwa bisibisi. Jioni nzima iliishia hapo.

Hatua ya 5: Jaza kwa kipimo

Ukingo wa diski uzame milimita 6 hadi 10. Ukizama zaidi, diski inapiga kimiminika na kukirusha kote. Ukipungua, inakata kavu huku wewe ukidhani imelowa. Washa kwa sekunde chache kifuniko kikiwa kimefungwa, zima, subiri isimame kabisa, kisha tazama upande wa ndani wa kifuniko. Unatakiwa kuona mstari uliolowa sawasawa. Kumbuka jiwe kubwa likiingia na tope likirundikana, kina kinabadilika.

Hatua ya 6: Sikiliza

Mkato mzuri una mlio wa kukwaruza usiobadilika. Mlio ukipanda kuwa mwembamba, au ukaona cheche na uji mkavu mweupe ukingoni, simamisha. Angalia kina kwanza. Kama kina kiko sawa, basi almasi zimefunikwa na chuma: kata mara chache tofali laini la mchanga ili zichomoze tena. Watu hubadilisha mafuta bure wakati kosa ni hili.

Ukimaliza kwa mafuta, usifungue kifuniko papo hapo. Subiri dakika kadhaa ukungu utue.

Hatua ya 7: Tope

Usilimwage kwenye sinki. Hukaa kwenye kona ya bomba na kugeuka kama zege. La maji liache litulie kwenye ndoo, mwaga maji ya juu, acha lililobaki lipungue maji na ulifunge kwenye mfuko lingali na unyevu kidogo ili lisitimke vumbi. Mafuta yachuje kwa kitambaa kizito au mfuko wa karatasi. Yanapita polepole, hata siku nzima, lakini yanarudi kazini. Tope lililobaki lipeleke panapopokelewa oili chafu.

Ukihama kutoka maji kwenda mafuta kwenye tangi lile lile, likaushe mpaka kwenye pembe. Maji yaliyobaki ni mazito kuliko mafuta, yanalala chini kabisa ambako huyaoni, na yakizidi kidogo diski huyachota hayo badala ya mafuta.