Somo: Jinsi uwanja wa Simi-Simi ulivyotekwa mwaka 1964

Kila ufikapo Novemba huulizwa swali lile lile: kwa nini askari wa Kibelgiji waliokwenda kuwaokoa mateka wa waasi wa Simba walirushwa kwa miamvuli Stanleyville, huko Kongo, hali uwanja wa ndege ulikuwepo? Nimechoka kulijibu mmoja mmoja. Leo naliandika mara moja, kwa ajili ya walimu na wanafunzi wanaotaka kuchora ramani ya asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964.

1. Tafuteni ramani ya zamani, iliyoandikwa Stanleyville na si Kisangani, jina la sasa la mji huo.

2. Wekeni alama uwanja wa ndege wa Simi-Simi, magharibi mwa mji, pamoja na barabara ya kuingia mjini.

3. Onyesheni safari: askari wa Kanali Charles Laurent walitoka Ubelgiji kwa ndege za mizigo za C-130 za Marekani, wakapitia kisiwa cha Ascension, kisha kambi ya Kamina huko Katanga.

4. Hapa ndipo nilipoharibu. Miaka kadhaa iliyopita nilichora ramani kubwa ya darasani, nikatapanya vitone vyekundu zaidi ya 500 juu ya njia ya kurukia ndege, kila kitone askari mmoja akining'inia kwenye mwamvuli. Mzee mmoja mwenyeji wa Kisangani, aliyekuja kumwona mjukuu wake, aliitazama kimya, akaweka kidole juu ya njia ile na kuuliza, "Mwalimu, na mapipa je?" Sikuwa na jibu. Waasi wa Simba walikuwa wameiziba njia kwa mapipa na magari, na wameweka bunduki za rashasha kuilinda, hivyo ndege ambayo ingejaribu kutua ingevunjika hata kabla ya kupigwa risasi. Ndiyo maana ndege 5 za kwanza ziliangusha watu zaidi ya 300, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye uwanja wa gofu uliopakana na ule wa ndege, huku juu yao kukiwa na ndege za kivita za B-26 zilizorushwa na Wakuba waliokimbia kwao. Kazi ya hao wa kwanza ilikuwa kuzinyamazisha bunduki zile, kuushika mnara wa kuongozea ndege na kuyaondoa mapipa na magari njiani, jambo lililowachukua chini ya saa moja. Wenzao waliobaki hawakuruka kabisa: walitua na ndege zao, pamoja na magari ya jipu.

Tahadhari: msichanganye eneo la kuangukia watu na eneo la kutua ndege. Mtu huhitaji uwazi tu, lakini ndege nzito huhitaji njia ndefu isiyo na kitu. La kwanza huchaguliwa karibu na la pili, ili askari asitumie nguvu zake zote kutembea kabla hajaanza kazi.

5. Andikeni saa, maana ramani isiyo na saa huficha gharama. Askari walipokuwa bado uwanjani, Simba waliwatoa mateka wapatao 250 katika hoteli ya Victoria, wakawaketisha barabarani, na milio ya bunduki iliposogea wakawafyatulia risasi. Daktari Paul Carlson, mmishonari wa Kimarekani, alifia hapo.

Maswali

Kijana wa Kasulu: Mwalimu, kwani hawakuweza kutua tu?

Jibu: Hatua ya 4. Isome.

Binti Tanganyika: Shikamoo Mwalimu. Njia ilipokuwa wazi, kwa nini wasikimbilie mjini wote kuwawahi mateka?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mlango walioingilia ndio waliopaswa kutokea, kwa sababu mateka wangeondolewa kwa ndege kutoka hapo hapo kwenda Léopoldville, Kinshasa ya leo. Uwanja ukiachwa bila walinzi, adui huurudia kwa bunduki moja tu iliyofichwa vichakani, na waliokwenda mjini hugeuka mateka wapya. Kwa hiyo wengine waliingia mjini, wengine wakabaki kuulinda. Kikosi cha nchi kavu cha Kanali Vandewalle, kilichokuwa na mamluki, kilifika kwa barabara siku hiyo hiyo. Katika ramani yako, chora mduara wa ulinzi kuuzunguka uwanja kabla ya kuchora mshale wa kwenda mjini.

Mchambuzi Huru: Kwa hiyo unawasifu mabeberu?

Jibu: Nionyeshe neno la sifa nililoandika. Siku moja kabla, Thomas Kanza wa upande wa waasi alikutana Nairobi na Balozi William Attwood wa Marekani, chini ya Jomo Kenyatta aliyeongoza kamati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kuhusu Kongo, na serikali nyingi za Afrika zililaani shambulio hilo. Hilo lastahili somo lake. Hapa nafundisha uwanja.

Msomaji wa Ramani: Nimeona wakitaja Paulis, ila kwenye ramani yangu haipo.

Jibu: Ni Isiro ya leo, walikorushwa tena askari wa Kibelgiji tarehe 26 Novemba. Andika jina la zamani kwa wino na la sasa kwa penseli chini yake.

Binti Tanganyika: Nitazionyeshaje saa bila kuchafua ramani?

Jibu: Swali zuri. Nunua nailoni angavu ya kufunikia madaftari, ukate vipande, kila saa kipande chake, uviweke juu ya ramani kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kiwe na mapipa.