Namna ya kufunga kaseti kwenye gurudumu jipya la nyuma ili isicheze

Wiki iliyopita kijana mmoja alinijia kutoka Kisesa akiikokota baiskeli yake, kwa sababu kaseti, yaani seti ya gia za nyuma, aliyoifunga mwenyewe kwenye gurudumu la mtumba ilikuwa inacheza kila alipokanyaga pedali. Tuliifungua na kuifunga upya pamoja, kwa hatua hizi.

Kwanza, hakikisha kwamba habu, yaani kitovu cha gurudumu, ni ya kaseti. Habu ya friwili, yaani gia inayokazwa kwa kuzungushwa kwenye habu yenyewe, ina hesi za kukazia tu, ilhali habu ya kaseti ina ngoma yenye mifereji inayozunguka bure upande mmoja na kushika upande wa pili. Baiskeli za mizigo za gia moja zinazoonekana Mwaloni Kirumba, Mwanza, hutumia friwili, hivyo mwongozo huu hauzihusu.

Pili, futa mchanga wote kwenye ngoma, kisha pakaa grisi kidogo sana kwenye mifereji.

Hatua ya tatu ndiyo iliyowahi kunigharimu jioni nzima: washa ya nyuma, yaani pete nyembamba ya kujazia nafasi. Ngoma za habu hazina urefu mmoja. Ile ya Shimano ya baiskeli za barabara za gia 11 ni ndefu kwa milimita 1.85 kuliko ya gia 8, 9 na 10, na ukiivalisha kaseti ya gia 9 bila washa ya unene huo, pete ya kufungia itagota kwenye ngoma kabla haijazibana gia. Mkononi utahisi imekaza kabisa, na hapo ndipo nilipodanganyika: nilifungua na kukaza mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi, nikidhani kosa ni la mkono wangu. Washa hukaa nyuma ya gia kubwa kuliko zote, upande wa spoku, wala haikai katikati ya gia. Kaseti ya gia 7 kwenye ngoma ya gia 8 hadi 10 inahitaji washa ya milimita 4.5. Usikate bati la kopo kuwa washa, kwa maana hukunjika na kaseti hulegea tena ukiwa njiani. Usizidishe washa pia, kwani pete itashika hesi chache mno na inaweza kuziharibu.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni ncha ya kidole. Panga gia zote pamoja na washa zake za katikati, ukiliingiza jino lenye upana tofauti na mengine kwenye mfereji unaolingana nalo, kisha, kabla ya kuweka pete, pitisha kidole kwenye mdomo wa ngoma. Gia ndogo ya mwisho lazima iinuke kidogo juu ya ukingo wa ngoma. Ikiwa imelingana nao au imezama, washa inakosekana.

Nne, kaza pete kwa kifungulio chake chenye meno 12. Mpini wenye kipande cha mnyororo ni wa kufungulia tu, hapa hauhitajiki. Kiwango ni nyutoni mita 40, yaani takriban nguvu ya kunyanyua ndoo ya lita 10 iliyojaa maji, ukiwa umeshika spana sentimita 40 kutoka katikati. Mlio wa kukwaruza mwishoni ni wa meno ya pete yanayouma gia, usiuogope. Sikubali kabisa kugonga pete kwa patasi na nyundo, kwa kuwa siku ya kuifungua haitakuwa na meno ya kushikwa.

Shika gia kubwa uitikise. Gia zikigongana zenyewe kwa zenyewe, rudi kwenye washa, lakini zikitikisika kwa pamoja na ngoma, kaseti haina kosa na tatizo liko kwenye beringi za habu.

Mwisho, rudisha gurudumu na uzungushe pedali kwa mkono ukiwa kwenye gia kubwa. Mnyororo ukitaka kuangukia kwenye spoku, rekebisha skurubu ya kikomo, ile inayozuia kibadilishi cha gia cha nyuma kisisogee kupita kiasi, kabla ya kupanda baiskeli.