Kuchora dirisha la usiku kwa namna ya Edward Hopper

Upweke katika picha za New York za Hopper, mchoraji wa Kimarekani, umebebwa na mwanga na nafasi tupu. Nyuso hazisemi mengi. Ukipanga hivyo viwili vizuri, watu ni kazi ya mwisho. Tunatumia rangi za mafuta.

1. Turubai. Nighthawks (1942), picha yake ya mkahawa wa usiku unaoonekana kutoka barabarani, ina sm 84.1 kwa 152.4. Kwa mazoezi chukua nusu: sm 42 kwa 76. Usitumie mraba, maana upana ndio unaowatenga watu.

2. Mchoro wa mkaa, karatasi tatu au nne. Usifuatishe picha ya simu: kamera hulifanya dirisha jeupe tupu na kivuli cheusi tupu. Usichore mlango wa barabarani. Katika Nighthawks haupo, ndiyo maana mtazamaji hubaki nje.

3. Tabaka la kwanza: kahawia ya amba iliyozimuliwa kwa tapentaini. Ikauke.

4. Mwanga. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukuta wa ndani: nyeupe sehemu nne, njano ya limau sehemu moja, kijani kidogo sana kwa ncha ya kisu. Ukiona haung'ai, usiongeze nyeupe. Utapata rangi ya chokaa, baridi na butu. Rudi kwenye sehemu ya barabara pichani ukaongeze giza, kisha finya macho ulinganishe. Giza hilo lisitoke kwenye tyubu ya nyeusi. Changanya bluu ya ultramarini na amba, nusu kwa nusu, ukivuta kwenye bluu upande wa mbali. Mwanga unaomwagika kwenye lami una ukingo mkali karibu na dirisha. Kadiri unavyosogea mbali, ulainishe kwa brashi kavu. Ukingo ukiwa mkali mwanzo hadi mwisho, unaonekana kama karatasi iliyobandikwa. Kila tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo litapasuka.

Kioo chenyewe usikipake. Tazama Automat (1927), picha nyingine ya Hopper: nyuma ya mwanamke mwenye kikombe, dirisha linaakisi safu mbili tu za taa zinazoishia gizani. Hakuna gari, hakuna mpita njia. Ukiongeza mwakisiko mwingine wowote, upweke wa chumba unapotea.

5. Watu wawili au watatu, macho yasikutane. Mabega kwanza, uso kwa mipako mitano au sita, brashi bapa namba 4. Ukianza kuchora kope, weka brashi chini.