Kufungasha spea na vifaa vya Land Rover ya zamani kwa safari ya Tanga hadi Lushoto

Mwongozo huu unahusu Land Rover Series III ya petroli yenye injini ya silinda nne ya lita 2.25, gari lililotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Safari ninayoitumia kama mfano ni ya kutoka Tanga mjini kupitia Muheza, Segera, Korogwe na Mombo, kisha kupanda hadi Soni na Lushoto. Nimeichagua kwa sababu ndani yake mna safari mbili zilizo tofauti kabisa: ya kwanza ni ya joto la tambarare, ambako injini huenda saa nyingi bila kupumzika nyuma ya malori, ya pili ni kilomita 33 hivi kutoka Mombo hadi Lushoto, ambazo humpandisha msafiri karibu mita 1,000 kwa kona zisizokwisha, na wakati wa kurudi humshusha kwa kona hizo hizo akitegemea breki za ngoma. Spea za kubeba hutokana na njia yenyewe, wala si orodha moja inayofaa kila mahali.

Kabla ya hatua yoyote, shika kanuni moja ambayo nitairudia kila inapohitajika: spea ambayo haijawahi kufungwa kwenye gari lako na gari likatembea nayo haihesabiwi kuwa spea. Kifaa kipya kilichomo ndani ya boksi huenda kikawa cha toleo jingine la injini, huenda kikawa na tundu la bolti lililo kando kwa milimita mbili, au huenda kikawa kibovu tangu kiwandani, na mahali pabaya kuliko pote pa kuligundua jambo hilo ni kando ya barabara baada ya Segera, jua likiwa utosini.

Hatua ya 1: Lifanyie gari matengenezo kwanza, kisha ndipo uhesabu spea

Wiki mbili au tatu kabla ya safari, funga vifaa vipya kwenye gari na uvitoe vile vya zamani ambavyo bado vinafanya kazi. Vile vilivyotoka ndivyo vitakavyokuwa spea zako. Wengi hufanya kinyume chake: huacha kilichochakaa kwenye injini na kuweka kipya kwenye sanduku. Ukifuata njia ninayoieleza, kipya kitakuwa kimejaribiwa ukiwa nyumbani, ambako fundi na duka viko karibu, na kile ulichokibeba kitakuwa kimeshathibitisha kwa miaka kwamba kinalikubali gari hilo. Kila kifaa unachokitoa kisafishe, kifunge kwa kitambaa, na ukiandikie jina lake na tarehe kilipotolewa.

Mpira wa rejeta uliopasuka na mkanda wa feni ulioanza kuachia nyuzi havihusiki na kanuni hii, hivyo vitupwe.

Hatua ya 2: Umeme wa plagi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu injini hii ikizimika ghafla njiani, mara nyingi kosa liko kati ya koili, inayozalisha umeme mkali wa cheche, na plagi, na mara nyingi hurekebishika kwa dakika chache iwapo kifaa kipo.

Beba vifaa vya distributa, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi: pointi, kondensa, rota na kava yake. Ongeza koili, waya mmoja wa plagi ulio mrefu kuliko wote unaotumika kwenye injini, na plagi mbili. Waya mrefu hutosha silinda yoyote, hivyo hakuna haja ya kubeba seti nzima. Kondensa na rota zibebwe mbili mbili. Vifaa hivi vinavyotengenezwa siku hizi kwa ajili ya magari ya zamani vina ubora unaotofautiana mno: kondensa inaweza kufa baada ya safari moja, na rota nyingi zina ribiti (kipini kifupi cha chuma) ndani yake ambayo umeme huitumia kama njia ya mkato ya kwenda kwenye shafti, injini ikakosa moto kabisa ingawa ukiitazama rota yenyewe huoni hitilafu. Ukipata rota isiyo na ribiti, ichague hiyo.

Koili ya akiba usiiweke kwenye sanduku. Ifunge kwa bolti karibu na ile inayofanya kazi, ikiwa imefunikwa vizuri. Koili iliyochoka hukata moto inapopata joto na kuurudisha ikipoa, jambo linalomchanganya hata fundi mzoefu. Ukiwa na nyingine iliyofungwa kando yake, unahamisha nyaya tatu na kupata jibu papo hapo.

Pamoja na vifaa hivyo weka fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia uwazi, kwa kuwa pointi mpya bila kipimo ni kubahatisha. Uwazi wa pointi za injini hii ni milimita 0.35 hadi 0.40, na wa plagi ni milimita 0.75 hadi 0.80. Ndani ya mfuniko wa boneti andika kwa rangi isiyofutika mfuatano wa kuwaka wa silinda, yaani 1-3-4-2, kwa sababu usiku, ukiwa umechoka na nyaya zote zimeng'olewa, kumbukumbu haiaminiki.

Kuhusu fyuzi, iko hatari moja ambayo ni lazima niieleze. Fyuzi za kioo za magari ya Uingereza ya zamani zilizoandikwa ampia 35 zilipewa namba hiyo kwa kiwango kinachozikata, ilhali mzigo wake wa kudumu ni takriban nusu ya hapo. Fyuzi nyingi za kioo zinazouzwa leo huandikwa kwa mzigo wa kudumu. Anayetoa ya zamani ya 35 na kuweka ya sasa yenye namba ile ile anaziacha nyaya zake bila ulinzi, na nyaya zenye umri wa miaka 40 hushika moto upesi. Tumia ya ampia 15 hadi 20 badala yake, na ubebe tano.

Hatua ya 3: Petroli

Hewa ya chumvi ya Tanga hula tangi kwa ndani kama inavyokula chesisi ya chuma kwa nje, na kutu hiyo husafiri na petroli. Kwa hiyo beba vichujio viwili vya plastiki angavu, vile vya kuunga katikati ya mpira wa petroli, pamoja na mita moja ya mpira wenyewe na klipu nne. Pampu ya mafuta ya injini hii huendeshwa na injini yenyewe, ina utando wa raba ndani, na ina kikombe cha kioo chini ambacho hukuonyesha uchafu na maji. Beba pampu nzima iliyojaribiwa, pamoja na gasketi yake. Kubadilisha utando peke yake kando ya barabara ni kazi ya kukonda: springi huruka, vumbi huingia, na utakapomaliza hutakuwa na uhakika.

Kabureta ya Zenith iliyowekwa kwenye mengi ya magari haya ina ringi ndogo ya raba kati ya mfuniko na mwili wake. Ikichakaa, petroli huvuja kwa ndani na injini hukohoa na kuzama unapokanyaga. Ringi hiyo na gasketi ya mfuniko havina uzito wowote, hivyo havina sababu ya kuachwa.

Petroli ya akiba iwe kwenye dumu la chuma, lililofungwa nje ya chumba cha abiria.

Hatua ya 4: Maji

Mkanda wa feni kwenye injini hii huzungusha feni, pampu ya maji na altaneta inayochaji betri, kwa pamoja. Ukikatika mlimani, unapoteza ubaridi kabla hujapoteza betri, na ndiyo maana ninaubeba hata kama ule uliofungwa ni mpya. Jaribu kuubadilisha nyumbani ukitumia spana zile zile utakazosafiri nazo, kisha uukaze hadi ukiubonyeza katikati ushuke kama sentimita moja.

Beba mpira wa juu na wa chini wa rejeta, na klipu za saizi zote mbili. Mpira mfupi unaounganisha pampu ya maji na nyumba ya themostati (valvu inayodhibiti joto la maji) usibebwe. Ubadilishwe kabla ya kuondoka. Mahali pake ni pabaya, na anayejaribu kuufunga huku injini ikiwa ya moto ataumia mikono bila mafanikio. Maji safi lita 20 yatoshe. Kwenye mpando wa Soni injini ikichemka, simama, iache ikiwa imezimwa kwa angalau nusu saa, kisha ndipo ufungue mfuniko wa rejeta taratibu kwa kitambaa kinene.

Hatua ya 5: Magurudumu, eksoli na breki

Tairi la akiba lijazwe upepo na kupimwa siku ya kuondoka. Wauza tairi na mafundi pancha wako katika kila mji wa njia hii, na tairi la 7.50-16 la Land Rover ndefu hutumika pia kwenye malori madogo, hivyo tyubu yake si adimu. Mwenye gari fupi linalotumia 6.00-16 abebe tyubu yake mwenyewe. Jeki iende pamoja na ubao mnene, kwa maana kingo za barabara baada ya mvua humeza jeki.

Eksoli ya nyuma, yaani shafti inayozungusha gurudumu, ni udhaifu unaojulikana wa magari haya, hasa mafupi. Hata hivyo siishauri kubeba eksoli nzima kwa safari ya lami. Ikikatika, fungua bolti sita za kwenye habu, vuta kipande kinachotoka, ingiza gia ya magurudumu manne, na gari litavutwa na magurudumu ya mbele hadi gereji. Ikiwa habu za mbele ni za aina ya kuunganishwa na eksoli kwa mkono, ziunganishe kwanza. Endesha polepole, kwa sababu kipande kilichobaki ndani kinaweza kuharibu meno ya difu, yaani gia za katikati ya eksoli.

Kuhusu breki, nina msimamo usiotetereka: breki hazitiwi kiraka barabarani. Chupa ndogo ya mafuta ya breki ya DOT 4 ambayo haijafunguliwa ibebwe, kwani mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa na iliyokaa wazi miezi kadhaa pwani imeshaharibika. Lakini ukiona kanyagio linazama au gurudumu limelowa mafuta, gari lisiteremke kutoka Lushoto. Kwa ajili ya hali hiyo beba kamba imara ya kuvutia, na namba ya simu ya mwenye gari la kubebea magari.

Hatua ya 6: Vifaa vya kazi

Bolti nyingi za gari hili ni za inchi. Spana ya milimita 13 hucheza kwenye kichwa cha nusu inchi, ambacho ni milimita 12.7, na bolti iliyokazwa kwa miaka huviringika pembe zake mara moja. Spana ya 14 haiingii kabisa kwenye kichwa cha inchi 9/16. Ya milimita 19 hukaa vizuri mahali pa inchi 3/4, lakini hiyo haitoshi kazi nzima. Kwa hiyo beba spana za inchi 7/16, 1/2, 9/16, 5/8 na 3/4, mbili mbili kwa saizi tatu za mwanzo, kwa sababu bolti na nati yake huhitaji kushikwa kwa wakati mmoja.

Ongeza spana ya plagi, spana ya nati za magurudumu iliyojaribiwa kwenye nati za gari lako, bisibisi bapa na za nyota, plaisi, nyundo ndogo, taa ya kupimia umeme ya volti 12, waya wa umeme mita tatu, tepu, waya laini wa kufungia, na tochi ya kichwani. Hendeli ya kuwashia injini kwa mkono ikiwa bado ipo, ibebe. Unapoitumia, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, usiikumbatie, maana injini ikirudisha pigo itakivunja.

Mtungi wa kuzimia moto, pembetatu mbili za tahadhari na sanduku la huduma ya kwanza ni mali ya gari, na askari wa usalama barabarani atakuuliza.

Hatua ya 7: Kufungasha

Funga vitu kwa kufuata kazi, si kwa kufuata ukubwa. Umeme wa plagi uwe kwenye kopo moja la plastiki lenye fila geji na bisibisi ndogo ndani yake. Petroli kwenye mfuko wake. Maji kwenye wake. Gari likizimika utachukua mfuko mmoja tu, badala ya kumwaga sanduku zima juu ya majani na kupoteza nati gizani. Spana ziviringishwe kwenye mfuko wa turubai wenye vijumba, ili zisigongane wala kushika kutu.

Vitu vizito viwekwe chini, mbele ya eksoli ya nyuma, na vifungwe kwa mkanda. Spana na vyuma vingine visikae karibu na tangi la petroli lililo chini ya kiti. Jeki, tochi, pembetatu na mtungi wa moto vipatikane bila kuondoa begi la mtu yeyote.

Hatua ya 8: Safari ya majaribio

Siku chache kabla ya kuondoka, endesha hadi Muheza na kurudi ukiwa na mzigo wote. Ukifika Muheza, zima injini, toa kava ya distributa, badilisha rota na kondensa kwa zile za akiba, kisha urudi nazo Tanga. Ukifika nyumbani kaza nati za magurudumu, angalia klipu za maji, tazama kikombe cha kioo cha pampu, na usikilize ni kitu gani kilichokuwa kikigonga nyuma. Chochote ulichokitafuta kwa zaidi ya dakika moja kihamishiwe mahali pengine kabla hujaelekea Segera.