Kutengeneza vidani vya kioo kwa tochi, kwa kutumia mabaki ya dikroiki

Dikroiki ni kioo kilichopakwa utando mwembamba unaometameta rangi. Mabaki yake huwa yanauzwa kwa uzito, ni vile vipande vya pembeni vinavyobaki shiti kubwa ikishakatwa, na kwa mtu anayefanya kazi ya tochi (ile ya moto wa gesi ya kuyeyushia kioo, siyo ya kumulikia) hiyo ndo mali yenyewe maana kidani kimoja hakili zaidi ya kipande cha sentimita mbili hivi. Shiti nzima bei yake imesimama alafu ukiwa nayo unaogopa hata kuikata. Anza na mabaki, ila kabla hujawasha moto elewa kwanza hiki kioo kikoje, kwa sababu karibu kila kidani cha dikroiki kinachoharibika kinaharibika kwa sababu moja tu, moto umegusa utando.

Rangi ya dikroiki haimo ndani ya kioo. Juu ya kioo cha kawaida pamepakwa utando wa oksidi za metali kama titani na silikoni, tabaka juu ya tabaka, ndani ya chemba iliyonyonywa hewa yote, na ukijumlisha tabaka zote unene wake ni karibu sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwanga ukipiga hapo rangi moja inarudi na nyingine inapita, ndo maana kipande kilekile ukikilaza mezani unaona hivi na ukikiinua dirishani unaona vingine. Zile taa ndogo za halojeni za dukani zenye kikombe kinachomeremeta rangi rangi kwa nyuma, ule mng'ao ni utando wa aina hiihii (usije ukavunja taa ukategemea kupata malighafi, kioo chake hujui ni cha aina gani na hakitakubaliana na fito zako, yaani vile vijiti vya kioo unavyoyeyusha).

Na hapo kwenye kukubaliana ndo pakuwa makini kuliko pote. Kila kioo kina kiwango chake cha kutanuka kikipata joto, wanakiita COE, na vioo vya viwango tofauti ukivichanganya vitashikana vizuri tu motoni ila vikipoa vinavutana mpaka vinapasuka, pengine palepale, pengine baada ya wiki kidani kikiwa tayari shingoni kwa mtu. Dikroiki inapatikana kwenye COE 90 kama ya Bullseye wa Portland, kwenye 96, kwenye 104 kama ya Effetre ya Murano kule Italia, na kwenye 33 ambayo ni borosiliketi, kile kioo kigumu kinachovumilia joto. Fito zako zikiwa 104 basi na mabaki yawe 104, hakuna kukadiria. Kioo cha chupa au cha dirisha nacho usikifunikie dikroiki hata kama unacho cha bure, hujui namba yake. Ukipata mfuko wa mabaki hauna alama, yeyusha ncha ya kipande na ncha ya ufito unaoujua, vibane ubavu kwa ubavu, vivute viwe uzi mmoja mwembamba wa kama sentimita 30, kisha acha upoe. Uzi ukibaki umenyooka vioo hivyo vinaenda pamoja, ukijikunja kama upinde weka huo mfuko pembeni.

Sasa usalama, na hapa sina utani. Mtungi wa gesi ukae nje ya chumba, kila kiungo cha mpira kipake povu la sabuni uangalie kama panachemka, na kwenye viungo vya oksijeni usiguse na mafuta wala grisi ya aina yoyote ile. Unawasha gesi kwanza ndo unafungulia oksijeni, kuzima ni oksijeni kwanza ndo gesi. Feni ya kunyonya hewa iwe inafanya kazi. Miwani iwe ya didimiamu, ile inayokata mwanga wa njano wa sodiamu, hiyo inatosha kwa kioo laini (hicho cha 90, 96 na 104), ila kama unatumia borosiliketi unahitaji miwani ya giza zaidi. Nguo za pamba, nywele zifungwe.

Upande wenye utando utaujuaje? Kilaze kipande, gusisha ncha ya kalamu juu yake uangalie taswira yake inayoonekana kwenye kioo. Ncha na taswira vikigusana kabisa, huo ndo upande wa utando, vikiachana kidogo upo upande wa kioo. Weka alama kwa kalamu ya wino kwenye upande wa kioo, alafu kata ukipiga mstari wa almasi upande huohuo wa kioo, usikwaruze utando. Vipande viwe vya upana wa milimita 6 mpaka 8 na urefu wa 20 hivi. Futa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, ile alama itoke pia, maana mafuta ya vidole yakizikwa chini ya kioo ndo basi tena, yataonekana milele.

Kanuni ninayoishikilia mimi ni hii, utando siku zote uangalie kwenye donge, usiangalie nje. Mabaki yakiwa ya kioo angavu, chukua ufito mweusi, yeyusha donge la saizi ya harage kubwa kwenye ncha ya mpini (ufito wa kushikia kazi), libonyeze kwa paleti ya grafaiti, yaani kibao bapa cha kubonyezea, liwe bapa kidogo, na utando ulale juu ya weusi. Kile kioo angavu cha kipande chenyewe kinakuwa kifuniko, na weusi kwa chini unafanya rangi iruke kwelikweli. Mabaki yakiwa na kioo cheusi unageuza mambo, donge liwe la kioo angavu na utando ulale juu yake, kidani ukija kukigeuza unautazama kupitia kwenye donge. Hapo huhitaji hesabu nyingine yoyote.

Kipande chenyewe usikitie motoni ghafla, kitapasuka na kukurukia. Kama una tanuri kipashe mlangoni kwenye digrii 500 hivi, kama huna kishike kwa kibano, upande wa kioo ndo uelekee moto, utando uelekee kwako, uanzie mbali kabisa kwenye mkia wa moto ukipitisha na kutoa, pitisha na kutoa, taratibu mpaka kingo zianze kulegea. Moto wenyewe uwe na oksijeni ya kutosha, moto wa njano wenye gesi nyingi unaugeuza utando kuwa kijivu kama majivu na hakuna cha kuurudisha. Na tochi ya gesi peke yake inawezekana, unakwenda polepole tu na unafanyia kazi mbali na mdomo wa tochi.

Donge likiwa jekundu na laini, laza kipande kuanzia ukingo mmoja, ukishushe pole pole kuelekea ukingo wa pili ili hewa itoke kwa mbele, ukikibandika chote kwa mpigo unafungia mapovu. Bonyeza kwa paleti. Kingo sasa. Kingo ndo mlango wa moto, pale pembeni utando uko wazi, kwa hiyo chukua ufito mwembamba angavu uzungushe pande zote nne kama unaziba, ukipasha ufito zaidi kuliko kidani. Ukimaliza hapo ndo unaweza kupumua, utando umefungiwa na sasa unaweza kupasha kitu kizima kwa nguvu.

Pasha sawasawa pande zote huku unazungusha mpini, acha kioo kijikusanye chenyewe, toa motoni, hesabu kidogo, ndo ubonyeze kwa paleti au kwa koleo bapa. Usivute. Kioo kinatanuka lakini utando hautanuki, ukikivuta unapasuka vipande vipande kama udongo wa mbuga kiangazi, na katikati unaona weusi. Wapo wanaopenda hiyo mipasuko na wanaifanya makusudi, mimi naona kidogo inapendeza, ikizidi kidani kinaonekana kimechoka. Kingine, usije ukabandika utando kwa utando ukidhani unaongeza mng'ao, hazishikani hizo.

Kitanzi cha juu kinawasumbua wengi kwa sababu wanakifanya kidani kikiwa kimeshapoa. Rudisha mwili wote kwenye mkia wa moto kila baada ya sekunde chache, usiuache. Pasha sehemu ya juu pale tu mpaka iwe nyekundu, gusisha ufito angavu wa milimita 3 hivi uliolainika, uvute juu, uukunje urudi ushike upande wa nyuma wa kidani, kisha ukate kwa moto. Tundu litakuwa la ajabu ajabu mwanzoni, ingiza sindano ya tangsteni uzungushe wakati limelainika litakaa duara. Hakikisha miguu yote miwili ya kitanzi imeyeyukia kwenye mwili na imekaa kwa shingo nene, siyo imegusa tu, maana kitanzi kilichogusa tu ndo kinachokatika mtu akiwa amevaa.

Baada ya hapo shika kitanzi kwa kibano ulichokipasha, pasha pale mpini ulipoungana na kidani, uvute utoke, ile ncha iliyobaki iyeyushe mpaka iwe laini. Subiri wekundu upotee, ukikilaza kikiwa bado laini kitachukua alama za sakafu ya tanuri, kisha kiingie tanurini moja kwa moja.

Na tanuri siyo la hiari. Kuzika kidani kwenye majivu au blanketi la nyuzi kunachelewesha kupoa tu, mkazo unabaki mulemule ndani. Kwa COE 104 shikilia kwenye digrii 515 hivi, kwa 90 ya Bullseye 482, kwa borosiliketi 565, kwa kidani cha unene wa sentimita moja ukae saa nzima, halafu ushuke digrii 60 kwa saa mpaka 370, ndo uzime na usifungue mpaka limepoa kabisa.

Kidani kikishapoa kipime hivi: fungua ukurasa mweupe kwenye laptopu ya skrini ya LCD, vaa miwani ya jua ya polaraizi, inamisha kichwa mpaka skrini iwe nyeusi, kisha pitisha kitanzi cha kioo angavu katikati ya skrini na macho yako. Ukiona mwanga unang'aa pale shingoni mwa kitanzi kuna mkazo, kirudishe tanurini kuanzia kwenye baridi, upandishe polepole na urudie ratiba yote. Ukiona giza tupu, tia pete na mkufu.