Kabla ya Kuzisoma Protini G za Neva, Weka Haya Sawa

Hakikisha kwanza unatofautisha aina mbili za vipokezi. Kama bado vinakuchanganya, usiziguse protini G leo. Kwenye sinapsi, seli moja ya neva humwaga kemikali ya ujumbe, na seli ya pili huipokea kwa vipokezi vilivyo kwenye utando wake. Vipokezi vya aina ya kwanza ni milango ya ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme: kemikali ikinasa, mlango hufunguka, ayoni hupita, na kazi huisha ndani ya milisekunde chache. Vya aina ya pili havina mlango. Ni uzi mmoja wa protini unaopenya utando mara saba, na ncha zake za ndani huzungumza na protini G, yaani protini inayopokeza ujumbe wa kipokezi ndani ya seli. Hivi ni vya polepole, lakini athari zake hudumu na kufika mbali. Jenomu ya binadamu ina takribani jeni 800 za vipokezi vya namna hii, karibu nusu yake vikiwa vya kunusa.

Ukishayaelewa hayo, chukua karatasi uchore mzunguko kwa mkono wako. Kuutazama tu kwenye picha ya mtu mwingine hakutoshi. Protini G ina vipande vitatu: alfa, beta na gama. Ikiwa imetulia, alfa hubeba GDP, molekuli ndogo yenye fosfeti mbili. Kipokezi kikiamshwa, huilegeza alfa ikaiachia GDP, na GTP, yenye fosfeti tatu na ambayo imejaa ndani ya seli, ikaingia mahali pake. Hapo alfa huachana na beta-gama, kila upande ukaenda kwenye shughuli zake. Baadaye alfa yenyewe huikata GTP ikawa GDP, na vipande hukutana tena.

Wengi hukariri kuwaka wakasahau kuzima. Alfa hutembea na saa yake mfukoni, na protini ziitwazo RGS huiharakisha saa hiyo. Ukitaka kuona inavyokuwa saa ikikwama, fikiria kipindupindu: sumu ya bakteria wake huizuia alfa ya Gs, moja ya makundi ya protini G, isiikate GTP, cAMP (molekuli inayobeba ujumbe ndani ya seli) ikajaa kwenye seli za utumbo, na maji yakamtoka mgonjwa bila breki. Sumu ya kifaduro hufanya jambo jingine. Hiyo hulitenga kundi jingine, Gi, na vipokezi vyake, kipokezi kikaita bila kuitikiwa. Watafiti wa neva waliigeuza sumu hii kuwa zana: ukiiweka na jibu la seli likapotea, una sababu nzuri ya kuishuku Gi.

Makundi ya kuyajua kabla hujaendelea ni matatu. La nne, G12/13, linaweza kusubiri. Gs huchochea kimeng'enya kinachotengeneza cAMP, nayo cAMP huamsha kinase A, kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine. Gi hukizuia kimeng'enya hicho hicho. Gq huenda njia yake: huamsha fosfolipasi C, ambayo hukata mafuta ya utando zikapatikana IP3, inayofungulia kalsiamu kutoka ghala lake ndani ya seli, na DAG, inayosaidia kuamsha kinase C.

Kwa hiyo jizoeze kuacha swali la "dopamini hufanya nini?" Halina jibu. Dopamini, mojawapo ya kemikali za ujumbe, ikinasa kipokezi D1, cAMP hupanda. Ikinasa D2, hushuka. Uliza kipokezi ni kipi na kimeshikana na protini G gani.

Beta-gama inataka nafasi yake, maana maelezo mengi huipita kama msindikizaji. Mwaka 1921 Otto Loewi alionyesha kwa mioyo ya vyura kwamba neva ya vagasi hupunguza mapigo kwa kumwaga kemikali, ambayo baadaye ilijulikana kuwa asetilikolini. Miongo mingi ilipita kabla ya kubainika kwamba beta-gama ndiyo huifungua milango ya potasiamu, yenyewe, bila cAMP kuingilia kati. Kwenye ncha ya neva inayotuma ujumbe, beta-gama hubana milango ya kalsiamu, na kemikali inayomwagwa ikapungua. Mofini hutumia njia hizi mbili kutuliza maumivu.

Kuhusu unyumbufu wa sinapsi, yaani uwezo wake wa kuimarika au kudhoofika, punguza matarajio kidogo. Mwaka 1973 Bliss na Lømo waliripoti kwamba sinapsi za hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) ya sungura huimarika kwa muda mrefu baada ya kuchochewa kwa kasi. Uimarikaji wa aina hii mara nyingi hutegemea vipokezi vya NMDA, ambavyo ni milango ya ayoni. Anayesema protini G ndizo zinazotengeneza kumbukumbu amevuka mpaka. Mara nyingi zinachofanya ni kuamua kizingiti kiwe juu au chini, na badiliko lidumu au lififie. Katika konokono wa baharini Aplysia, serotonini hupandisha cAMP. Ikija mara moja, sinapsi huimarika kwa dakika kadhaa, ikirudiarudia, jeni huamshwa na sinapsi mpya huota. Kazi hiyo ilichangia Eric Kandel kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2000. Upo pia mfano ninaoupenda zaidi: Gq kwenye seli inayopokea husababisha mafuta fulani yatengenezwe, yakarudi kinyumenyume hadi kwenye seli iliyotuma, yakanasa kipokezi CB1 kilichoshikana na Gi, na umwagaji wa kemikali ukapungua. Sinapsi moja, protini G pande zote mbili.

Jina nalo lina mtego. Ras, Rho na Rac ni protini G ndogo, za kipande kimoja, wala hazishikani na vipokezi hivi moja kwa moja. Zina kazi kubwa katika umbo la vichomozo vya dendraiti (matawi ya neva yanayopokea ujumbe), lakini zisome siku nyingine.

Na kama unaingia maabara kurekodi umeme wa seli kwa pipeti iliyotoboa utando, angalia mmumunyo wa ndani ya pipeti kabla hujaanza. Usipoweka GTP, ile ya seli itachujuka polepole, na utakaa ukisubiri jibu la protini G ambalo haliji, huku kipokezi chako ni kizima kabisa.