Kupanga faili za sensa ya mwanga kwenye Linux

Hapa Bombo natengeneza vidhibiti vya taa za sola: kompyuta ndogo ya Linux, sensa ya mwanga ukutani, na programu inayozima taa za darasa jua likitosha. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu hukimbilia chipu. Nawaambia waanze na faili, ile ambamo Linux huonyesha kipimo cha sensa. Chipu utaibadilisha siku dukani zikiisha, lakini programu zilizokwisha kuandikwa zitaendelea kusoma faili ileile.

Amua kipimo kwanza. Faili impe msomaji luksi, kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Ofisi yenye taa nzuri ina luksi 300 hadi 500, jua kali la mchana hufika 100,000, na namba hizo hazijali sensa imetengenezwa na nani. Draiva, yaani programu inayoongea na chipu, ikitoa asilimia, ikatae: asilimia 60 ya nini?

Kila faili ibebe thamani moja, kwa maandishi ya kawaida. Ndiyo desturi ya sysfs, folda ya `/sys` ambamo Linux huonyesha vifaa kama faili, na ndiyo maana skripti fupi ya shell inaweza kusoma mwanga kwa `cat` tu.

Penye kazi ni hesabu, maana kerneli, kiini cha Linux ambamo draiva hukaa, huepuka namba za desimali. Mfumo wa IIO, sehemu ya Linux inayoshughulikia sensa, umeacha njia mbili. Chipu kama TSL2563 hupima kwa macho mawili, moja likiwa la infraredi, na fomula yake ina vipande vingi. Draiva huikokotoa yenyewe na kutoa luksi kwenye faili inayoishia na `_input`. Chipu nyepesi hutoa namba ghafi na kizidisho, nawe unazidisha. Jaribu na BH1750, chipu ya aina hiyo (0x23 ni anwani yake, i2c-1 ni njia ya nyaya iliyounganishwa nayo):

`echo bh1750 0x23 > /sys/bus/i2c/devices/i2c-1/new_device`
`cd /sys/bus/iio/devices/iio:device0`
`cat in_illuminance_raw in_illuminance_scale`

Ukipata 480 na 0.833333, chumba kina luksi 400.

Tafadhali usiigandishe hiyo 0.833333 ndani ya programu yako. Namba ghafi ni ya biti 16, mwisho wake 65535, yaani luksi 54,612 hivi. Weka sensa juani saa sita mchana uone: namba inagota hapo na haipandi tena. Dawa yake ni kufupisha muda wa kupima kupitia `in_illuminance_integration_time`. Ukiufupisha hadi mwisho, kizidisho hupanda hadi 1.85 hivi, na upeo unavuka luksi 120,000. Programu inayosoma faili zote mbili haitatetereka. Iliyogandisha kizidisho itadanganya kutwa nzima.

Sensa itafutwe kwa faili ya `name` iliyo ndani ya folda yake. Namba ya `iio:device0` hubadilika ukiongeza kifaa kingine.

Na draiva isithubutu kuamua hili ni giza na huu ni mchana. Itoe luksi, inyamaze. Mwalimu anataka taa ziwake mwanga ukishuka chini ya 300 ili mtoto wa nyuma aone ubao. Msikitini wanataka taa ya baraza iwake Magharibi, mwanga ukiwa hafifu zaidi. Sensa ni ileile na draiva ni ileile, kinachotofautiana ni mstari mmoja kwenye skripti ya kila mmoja.